Ndege Wawili Juu ya Rungu

Babe Ruth aliichezea New York Yankees misimu 15, kuanzia 1920 hadi 1934, na hadi leo ukitaja besiboli jina lake huja miongoni mwa majina ya kwanza. Mwambie mchoraji yeyote amchore, atamvika jezi nyeupe yenye mistari myembamba ya buluu iliyokoza, kisha kifuani atamwekea zile herufi mbili zilizopandana, N na Y. Mistari ni sahihi. Herufi si sahihi. Kuanzia 1917 hadi 1935 Yankees walicheza nyumbani na mistari mitupu kifuani. Herufi zilirudi mwaka 1936, Ruth akiwa ameshaondoka. Alama inayojulikana kuliko zote katika mchezo huo hakuwahi kuivaa kifuani akiichezea Yankees nyumbani.

Kuna watu wanaoujali undani wa namna hii, nami ni mmoja wao. Tunatazama upana wa mstari, mkunjo wa mkia wa herufi, rangi ya kitambaa chini ya ukingo wa kofia. Atakayeona kwamba ni mambo madogo akumbuke jinsi mbunifu wa jezi hii alivyobanwa. Kwa desturi nyumbani huvaliwa nyeupe, ugenini kijivu. Kifuani kuna jina au herufi, mgongoni namba, kichwani kofia, mara nyingi yenye herufi moja au mbili. Kwa vizazi kadhaa kanuni hizo ndizo zimekuwa msingi. Basi ustadi wote umekimbilia kwenye sehemu ambazo kidole kimoja kinatosha kuzifunika, na huko umestawi.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Klabu ya Knickerbocker ya New York ilipojipangia sare mwaka 1849, ilichagua suruali ndefu za sufu ya buluu, mashati meupe ya flaneli na kofia za majani makavu. Miaka kumi hivi baadaye Excelsior wa Brooklyn wakavaa kofia laini ya kitambaa yenye ukingo mbele wa kukinga jua, na huyo ndiye babu wa kapelo zote tunazozijua. Mwaka 1868 Cincinnati wakakata suruali ikaishia chini ya goti ili soksi zao nyekundu zionekane, wakaitwa kwa rangi ya soksi hizo. Kofia, shati la flaneli, suruali fupi, soksi za rangi: vazi lilikuwa limekamilika. Kilichobaki kilikuwa kulifanya vizuri.

Zile herufi N na Y zina asili isiyohusiana na mpira. Mwaka 1877 masonara wa Tiffany & Co. walitengeneza nishani ya ushujaa kwa askari polisi wa New York aliyepigwa risasi akiwa kazini, na juu yake wakazipandanisha herufi hizo. Klabu ilizichukua mwaka 1909, wakati mmoja wa wamiliki wake, Bill Devery, alikuwa mtu aliyewahi kuongoza polisi wa jiji hilo hilo. Asili ya kisonara bado inaonekana. Herufi zina ncha zilizochongoka na viungo vilivyonenepa mahali mistari inapokutana, kama kitu kilichokatwa kwenye madini kabla ya kushonwa kwenye nguo.

Na sasa jambo ninalolipenda zaidi: alama ya kofiani na alama ya kifuani hazilingani. Ziweke pamoja mezani utaona kwamba unene wa miguu, upana wa mabawa ya Y na mahali herufi zinapokatana ni tofauti. Klabu yenye fedha kiasi kile ingeweza kuzilinganisha asubuhi moja na jioni ikatangaza. Haijafanya hivyo, nami naona imefanya vyema. Herufi inayokaa juu ya paji la uso, kwenye kitambaa kilichopinda, haina kazi moja na herufi inayolala kifuani juu ya mistari inayoteremka. Detroit Tigers nao kwa miaka mingi walikuwa na D mbili tofauti za mwandiko wa kale, moja ya kofia na moja ya jezi. Mwaka 2018 waliamua kuiweka ile ya kofia kila mahali. Sasa kila kitu kinalingana, na jezi yao ya nyumbani, iliyokuwa miongoni mwa mavazi mazuri kabisa ya mchezo huu, imepungukiwa.

Jezi ya besiboli hufunguliwa mbele kwa vishikizo kama shati, na jina la klabu hupita katikati ya kifua. Maana yake ni kwamba jina lazima likatwe. Kwenye jezi iliyofungwa utasoma neno moja linalotiririka. Fungua vishikizo, utakuta herufi imepasuliwa wima: sehemu moja imeshonwa upande wa juu, nyingine upande wa chini, na mkato umefuata kabisa ukingo wa kitambaa. Fundi akikosea milimita tatu, jina linavunjika na jicho linaliona kosa hata kutoka jukwaani. Jezi yenye mistari huongeza mtihani wa pili. Pale pande mbili zinapolaliana, umbali kati ya mstari wa mwisho wa upande huu na wa kwanza wa upande ule lazima ulingane na umbali kati ya mistari mingine yote. Kitambaa kinanyooka, kinavutika, kinasogea chini ya mguu wa cherehani. Kulipata hilo jezi baada ya jezi ni kazi ya mikono iliyotulia.

Herufi zenyewe siku hizi hukatwa kwenye kitambaa kizito chenye mng'ao mdogo. Ukiona herufi nyekundu yenye mpaka mweupe, hiyo si rangi iliyopakwa. Ni vipande viwili, cha chini kipana kidogo kuliko cha juu, na kila kimoja kimeshikwa pembeni kwa mishono ya kwenda na kurudi iliyobanana. Pitisha kidole utahisi ngazi.

Lakini kilele cha ufundi huu, kwa maoni yangu, kiko St. Louis. Mwaka 1921 Branch Rickey, aliyekuwa akiiongoza Cardinals, alialikwa kuzungumza kwenye kanisa la Wapresbiteri huko Ferguson, Missouri. Mwanamke mmoja, Allie May Schmidt, alikuwa amepamba meza kwa ndege wekundu waliokatwa kwenye karatasi ngumu, wametua kwenye kijiti. Kardinali ni ndege wa Amerika Kaskazini. Dume lake ni jekundu toka kishungi hadi mkia, na usoni limezungukwa na weusi. Rickey aliona pale pale kitu ambacho klabu yake ilikuwa haina. Baba yake Allie May, Edward Schmidt, akasaidia kuuchora mpango huo, na mwaka 1922 timu ilitoka uwanjani na ndege wawili kifuani, wametua kwenye rungu la kupigia mpira, pamoja na jina la klabu.

Kwa miongo mingi ndege hao wametariziwa kwa mshono wa mnyororo, na hapa naomba msomaji asogee karibu. Katika mshono huo uzi mmoja huletwa juu kwa ndoana, unafanya kitanzi, kisha kitanzi kinachofuata kinapita ndani ya kilichotangulia na kukifunga. Katika mashine za jadi za kazi hii, mtarizi hakisukumi kitambaa kama mshonaji wa kawaida. Mkono wake hushika mpini ulio chini ya meza, na anapouzungusha mpini, mashine inageuka na kuelekea anakotaka. Anachora kwa uzi. Anaanza na mpaka wa ndege, kisha anajaza ndani kwa safu zinazofuata umbo la mwili: bawani safu zinakwenda upande wa manyoya, kifuani zinapinda pamoja na kifua. Ndiyo maana ndege hao wana mwili. Mwanga ukiwapiga kwa ubavu, nyekundu ya bawa si nyekundu ya tumbo, ingawa uzi ni ule ule. Mshono wa mnyororo una udhaifu mmoja mkubwa: ncha yake isipofungwa vizuri, ukiivuta, safu nzima inafumuka. Kila ndege aliyedumu msimu mzima ana fundo ambalo mtu alilikaza kwa uangalifu.

Mwaka 1956 meneja mkuu Frank Lane aliwaondoa ndege kwenye jezi na kubakiza jina peke yake. Mashabiki walikasirika, na mwaka 1957 ndege wakarudi. Hawajaondoka tena. Watu wa St. Louis walielewa kwamba wamenyang'anywa kitu kilichofanywa kwa mkono wenye akili, nao wakakidai.

Namba zina historia fupi zaidi. Mwaka 1929 Cleveland na Yankees ndio walioanza kuzibandika mgongoni kama desturi ya kudumu, na Yankees walizigawa kwa mpangilio wa kupiga: Ruth alipiga wa tatu, akapewa 3, Lou Gehrig wa nne, akapewa 4. Majina mgongoni yalikuja mwaka 1960, Bill Veeck alipoyaweka kwa Chicago White Sox ili watu wanaotazama kwenye televisheni wajue nani ni nani. Yankees hawajayaweka kwenye jezi zao hadi leo.

Namba nzuri kuliko zote, hata hivyo, iko mbele. Jezi ya Dodgers imebeba jina lao kwa mwandiko wa mkono tangu 1938, likipanda kidogo kuelekea begani, na mstari wa mkia chini yake. Kwa ajili ya fainali za mwaka 1951 klabu, wakati huo ikiwa Brooklyn, iliandaa jezi zenye namba ndogo nyekundu chini ya jina, upande wa kushoto wa mvaaji. Hazikuvaliwa. Bobby Thomson wa New York Giants alipiga mpira ukaruka nje ya uwanja mwishoni kabisa mwa mchezo, na Brooklyn wakatolewa kabla ya fainali. Jezi zikasubiri hadi 1952. Fikiria hesabu yake: nguo nyeupe, maandishi ya buluu yanayopanda, kisha nyekundu moja tu, chini, pembeni, kama uzito wa mzani. Ifunike namba hiyo kwa kiganja kwenye picha, jina litaonekana linataka kuondoka kifuani. Iachie, kila kitu kinatulia. Jackie Robinson alikuwa na namba hiyo nyekundu kifuani katika miaka yake ya mwisho, 42, namba ambayo mwaka 1997 iliondolewa kwa heshima yake katika klabu zote.

Jezi zote za zamani nilizozitaja hadi hapa zilikuwa za flaneli ya sufu, au sufu iliyochanganywa na pamba. Zilikuwa nzito, zilikunywa jasho, zilirudi kutoka kwa dobi zikiwa zimepungua. Mwezi Julai 1970 Pittsburgh Pirates, wakifungua uwanja mpya, walitoka na jezi za kufuma zinazovutika, za kuvaa kwa kupitisha kichwani, na katika misimu michache flaneli ikatoweka. Siwalaumu wachezaji, hakuna anayestahili kukimbia katika joto la Agosti akiwa amevaa blanketi. Kitambaa kipya kilizaa pia ujasiri: Houston Astros mwaka 1975 walifunika kifua na tumbo kwa mikanda ya rangi ya chungwa, nyekundu na manjano, kazi iliyochekwa siku zile na ambayo mimi naiheshimu, kwa kuwa mbunifu wake alijua hasa anachotaka.

Sasa kofia. Kampuni ya New Era ilianzishwa Buffalo mwaka 1920 na Ehrhardt Koch, ikatengeneza kofia yake ya kwanza ya besiboli mwaka 1934 kwa ajili ya Cleveland, na mwaka 1954 ikatoa muundo wa 59Fifty, ambao ndio unaovaliwa uwanjani. Tangu 1993 kampuni hiyo peke yake ndiyo inayozitengenezea kofia klabu zote za ligi kuu.

Chukua moja mkononi. Ina vipande sita vya pembetatu vinavyokutana utosini. Nyuma ya viwili vya mbele kumewekwa kitambaa kigumu cha kuvisimamisha, na vipande hivyo viwili huunganishwa kwanza. Alama hutariziwa hapo, kabla kofia haijafungwa kuwa kofia, kwa sababu ikishapata umbo la kichwa hakuna pa kuilaza. Mshono wa kuunganisha unapita katikati kabisa ya alama, na sindano lazima ivuke kilima hicho cha kitambaa mara nyingi bila kuyumba. Herufi zinainuliwa kwa uzi mwingi mpaka zinatoka nje ya kofia. Kisha vipande vingine vinaongezwa, kila kimoja na tundu lake la hewa lililozungushiwa uzi wa rangi ya kitambaa. Utosini ncha sita zinakutana na kufanya rundo la kitambaa lisilopendeza. Kishikizo kilichovikwa kitambaa hufunika rundo hilo, na hiyo ndiyo kazi yake yote.

Ukingo una safu nane za mishono zinazofuatana kwa umbali sawa kutoka pembe hadi pembe. Hapo ndipo pa kupima kofia. Safu ya nje ni ndefu, ya ndani ni fupi na imepinda zaidi, na ni rahisi sana mbili kusogeleana mahali zinapokunja. Zikiwa sawa toka mwanzo hadi mwisho, jua kwamba waliogusa kofia hiyo hawakuwa na pupa. Ndani, kila muungano umefunikwa kwa utepe, na mkanda wa jasho umezunguka wote bila kukunjamana. Haina kamba ya kurekebisha nyuma. Saizi zinapishana kwa sehemu ya nane ya inchi, ambayo kichwani ni kama sentimita moja ya mzunguko, na kwa hiyo kofia ama ni yako au si yako.

Chini ya ukingo kuna hadithi nyingine. Zamani palikuwa kijani, kwa imani kwamba rangi hiyo inapunguza mng'ao machoni. Katika miaka ya 1990 pakawa kijivu, na mwaka 2007, sufu ilipoachwa kwa ajili ya poliesta, pakawa peusi. Mwaka wa 1996 mwongozaji filamu Spike Lee aliomba atengenezewe kofia ya Yankees yenye rangi nyekundu badala ya buluu, akaivaa kwenye fainali. Baada ya hapo mlango ulifunguka na kofia ikaanza kuuzwa kwa kila rangi duniani. Ninaelewa kwa nini watu wanapenda hivyo. Mimi nabaki na buluu.

Mwaka 1988 huko Seattle, Jerry Cohen alianzisha Ebbets Field Flannels, kampuni inayorudisha jezi za zamani kwa flaneli halisi ya sufu na herufi zilizokatwa kwenye kitambaa cha sufu iliyogandamizwa. Thamani kubwa ya kazi hiyo iko kwenye klabu za ligi za Weusi, wale waliozuiwa kucheza ligi kuu hadi Robinson alipoingia mwaka 1947. Homestead Grays na Kansas City Monarchs walivaa mavazi yenye staha na mizani isiyopungua chochote mbele ya Yankees, lakini walipigwa picha chache na nguo zao nyingi hazikubaki. Kuirudisha jezi ya namna hiyo ni kusoma picha zisizo na rangi, kupekua magazeti ya siku zile, na kuamua upana wa utepe mmoja wa mkononi.

Ndiyo maana msimu wa 2024 uliniuma. Ligi ilitoa jezi mpya zilizobuniwa na Nike na kushonwa na Fanatics, nyepesi zaidi, zenye vitundu vya hewa. Majina mgongoni yalikuwa madogo hadi yakaonekana ya kitoto. Kijivu cha shati hakikufanana na kijivu cha suruali. Suruali nyeupe zilionyesha mashati yaliyochomekwa ndani yake. Wachezaji walilalamika hadharani, chama chao kikalishughulikia, na kufikia 2025 herufi kubwa zikarudishwa. Wepesi wa nguo si dhambi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukubwa wa herufi na uzito wa mshono ni mzigo unaoweza kupunguzwa bila mtu kugundua. Waligundua siku ya kwanza.

Kofia hizi zinatufikia sisi pia, zimebanwa kwenye belo za mitumba. NY iko vichwani mwa madereva wa bodaboda na wauza maji ambao hawajawahi kuona mchezo hata mmoja, na inawapendeza. Ukikutana nayo kwenye soko la Karume au Gikomba, usiangalie stika ya dhahabu kwenye ukingo, kwa sababu hiyo hubandikwa na yeyote. Ipindue kabla ya kuuliza bei. Tazama kama utepe umefunika miungano yote sita, fuata kwa ukucha safu nane za ukingo toka pembe moja hadi nyingine, kisha angalia pale mshono wa katikati unapopita chini ya herufi kama zimebaki zimenyooka. Zikiwa zimenyooka, inunue hata kama rangi imefifia.